Ndege wadogo wa Machi na Aprili: jibu kwa msomaji wa Tudor

Swali: Shikamoo mwalimu. Nakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, na mbele ya roshani yetu pana mkilifi mkubwa. Mjomba amenipa kamera yake ya zamani pamoja na lenzi ya kuvuta karibu, ya milimita 70–300. Kila ifikapo Aprili na Mei naona mtandaoni picha za watu wa Ulaya: ndege wadogo wanaimba juu ya vitawi, unyoya mmoja mmoja unahesabika. Zangu mimi, chozi hutoka weusi ti, na wale ndege wa kijani wenye kifua cha manjano kidogo wanaorukaruka majanini hutoka ukungu, au hawamo kwenye picha kabisa. Je, huku kwetu tuna msimu wa ndege kama wao? Na je, ni lazima ninunue lenzi kubwa ya 600?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hao ndege wako wa kijani na hao wa kwenye picha za Ulaya yamkini ni wale wale.

Maelezo yako yanamfaa ndege ambaye wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Mgongo wake ni kijani cha zeituni, kifua kina manjano ya kufifia, na juu ya jicho pana mstari mwembamba wa rangi nyepesi. Urefu wake ni kama sentimita 11 na uzani wake gramu 8 mpaka 10 hivi. Huzaliana Ulaya ya kaskazini na Urusi mpaka mashariki ya mbali ya Siberia, na baridi ikikaribia kule huja zake Afrika. Wapo wanaotoka huko mwisho wa Siberia hadi upande wetu huu wa bara, safari ya zaidi ya kilomita 10,000 kwa kuja tu, kurudi kando. Huku hukaa kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Kule wanakoitwa wenyeji hukaa miezi michache tu ya kutaga na kulea, kwa hiyo sijui nani hasa mwenye haki ya kusema ndege huyu ni wake.

Lipo jambo moja juu yake ambalo mpiga picha wa Mombasa anapaswa kulijua. Ndege wengi wadogo hubadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka. Huyu hubadilisha mara mbili: mara moja kule anakozaliana, na mara ya pili huku Afrika kabla hajarudi. Yule unayemwona kwenye mkilifi wako mwishoni mwa Machi yumo ndani ya nguo mpya. Mwenzio wa Ulaya anayempiga picha Mei anapiga manyoya yale yale yaliyoota huku, tena yakiwa yameshakula safari. Na kabla ya kuondoka huanza kuimba, hasa asubuhi: sauti laini inayoanza juu na kushuka ngazi kwa ngazi hadi ikapotea. Ukiisikia mwezi Machi, jua huyo yuko mbioni kuondoka.

Basi swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo. Msimu tunao, ila ni mfupi. Uko pale kaskazi inapokata na kusi haijashika, majira ya maleleji, tuseme kuanzia katikati ya Machi hadi wiki ya tatu ya Aprili. Wiki hizo hupita wengine pia. Aprili mtafute Lanius collurio, wa jamaa ya mbwigu: dume ana kichwa cha kijivu, mgongo wa kahawia iliyoiva na utepe mweusi uliokatiza machoni. Akienda kusini hupita magharibi zaidi, lakini akirudi njia yake huhamia mashariki, karibu na pwani yetu, kisha Pembe ya Afrika na Uarabuni. Ndiyo maana Aprili tunamwona kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Naye hana haya. Hukaa juu ya tawi kavu lililo wazi, akiangalia chini, na kwa anayejifunza hakuna mteja mzuri kumshinda.

Mwingine ni Muscicapa striata, wa kijivu-kahawia, hana rangi ya kujivunia. Huyu hufyatuka kutoka kwenye kitawi, hudaka mdudu hewani, kisha hurudi pale pale alipotoka. Ukishakiona kitawi chake, lenga kitawi na umngoje.

Wanapokuja, Oktoba hadi Desemba, mambo ni mengine. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwafunga pete maelfu kwa maelfu, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli zikiwavuta. Kwa sayansi huo ndio msimu mkubwa. Kwa picha ya roshani mimi nachagua Machi na Aprili, kwa sababu ndipo wanapoimba, na ndipo mbwigu dume anapokuwa amekamilisha rangi zake.

Sasa tuje kwenye mkilifi, maana huo ndio mali uliyo nayo. Wengi wanaonitumia picha mbaya hawana shida ya kamera. Wanamfukuza ndege. Wanamwona hapa, wanamkimbilia. Anahamia mti wa pili, wanamfuata. Mwisho wa asubuhi wana picha mia za mkia. Ndege wa gramu 10 anatakiwa kula mchana kutwa ili aishi, na chakula kiko mahali maalumu kwa saa maalumu. Ukijua chakula kiko wapi, utakaa hapo kabla yake, naye atakuja mwenyewe.

Wewe umepata bahati ambayo walio chini hawana. Ndege akiwa juu nawe uko ardhini, unapiga tumbo lake na nyuma yake mbingu nyeupe. Ghorofa ya tatu inakuweka sawa na kilele cha mti: unapata jicho la ndege, na nyuma yake majani au ukuta wa mbali. Kwa hiyo usiteremke. Kwa siku chache za mwanzo kamera iache ndani. Keti na karatasi, uchore mti ulivyo, na kila ndege akija utie alama alitua wapi na saa ngapi. Utaona mambo yanajipanga. Asubuhi na mapema wadudu huamka upande ule jua linapougusa mti kwanza, na ndege huanzia huko huko. Joto likipanda huhamia ndani, kivulini, ambako hutawapata. Mkilifi ukiwa na vile vichanua vyake vyeupe, nyuki na wadudu wadogo hujaa, na wa kijani hawatoki hapo. Matunda yakiiva, utakaowaona ni shore, nao hula na kugombana bila kujali kama uko.

Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, ukaona jioni kumbikumbi wanatoka ardhini, acha kila kitu ushike kamera. Dakika hizo kila ndege hula: shore, kwera, shomoro, mbayuwayu, hata chozi ambaye tumezoea kumwona kwenye maua tu. Hawana muda wa kukuogopa.

Kujificha hakuhitaji gharama. Kwenye roshani nyingi za Tudor nguo zimeanikwa. Basi pazia unalo tayari. Tundika leso au kikoi kwenye kamba, acha mwanya wa lenzi, keti kwenye kigoda nyuma yake. Ndege hutishwa na mkono unaopanda ghafla kuliko na umbo la mtu aliyetulia. Nguo nyeupe ziache. Na kama wana wa jirani hupiga kelele, usihangaike kuwanyamazisha, kwa sababu ndege wa mjini wameshazizoea kelele za watoto na za matatu.

Ukitaka waje karibu zaidi, weka maji. Kigae kipana, kina cha sentimita 2 au 3 tu, chenye jiwe la kutulia. Usiweke chakula. Sababu nitakueleza nikifika kwa kunguru.

Sasa weusi wa chozi. Hili linawasumbua watu wengi, na wengi hudhani ni kamera. Rangi ile ya kijani na zambarau inayometameta haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unyoya wenyewe una chembe nyeusi zilizopangwa tabaka kwa tabaka, na nuru inapogonga tabaka hizo hurudi ikiwa imechujwa, kijani au zambarau, kwa pembe fulani tu. Pembe ikikosekana, unabaki na ule weusi. Ndege yule yule akigeuza shingo kidogo anawaka, akiirudisha anazima. Kwa hiyo chozi wako hawakutoka weusi kwa sababu kamera ni ya zamani; ulikuwa upande usio wake.

Dawa ni jua kuwa mgongoni kwako, chini, karibu na upeo. Hukuniambia roshani yako inaelekea wapi, nami siwezi kuliruka hilo. Ikielekea magharibi, asubuhi ni yako: jua liko nyuma ya jengo na kilele cha mkilifi ndicho kinachowaka kwanza. Ikielekea mashariki, asubuhi jua linakutazama usoni na ndege anakuwa kivuli. Wewe ngoja kuanzia saa 10 na nusu alasiri, jua likishazunguka nyuma ya nyumba na kabla kivuli cha jengo hakijaumeza mti wote. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na Machi jua la mchana hupita utosini kabisa. Kuanzia saa 3 asubuhi nuru inakuwa kali ya kutoka juu, macho ya ndege yanaingia kivulini, na joto linaloinuka kwenye mabati na lami hulegeza picha hata kama ulilenga sawasawa. Saa zako ni kuanzia jua linapochomoza, kama saa 12 na robo hivi, hadi saa 2 na nusu. Kisha saa 10 na nusu hadi saa 12 jioni. Siku ya mawingu ya masika unaweza kuendelea mpaka adhuhuri, na kwa wale wa kijani nuru ya mawingu ni nzuri kuliko jua. Kwa chozi mawingu hayafai.

Akikaa mbele ya mbingu, kamera huona weupe mwingi ikadhani kuna nuru ya kutosha, ikampunguzia ndege. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze +1, hata zaidi kidogo. Mbingu itaungua iwe nyeupe tupu; iache iungue. Kwa kwera wa manjano fanya kinyume: punguza kidogo, kama –0.7, la sivyo manjano yake yatageuka bapa moja lisilo na manyoya.

Ukungu nao una sababu mbili, na usizichanganye. Kama majani yaliyo mbele au nyuma ya ndege yametoka safi na ndege hakutoka, kamera ililenga pasipo. Acha ile hali ambayo kamera huchagua yenyewe mahali pa kulenga. Chagua nukta moja ya katikati, uiweke kwenye jicho la ndege, na uweke ulengaji wa kuendelea, unaomfuata akisogea. Kama picha nzima imetoka kama imevutwa, basi ni mwendo, wa mkono wako au wa ndege. Ndege hawa hata wakitulia kichwa hakitulii. Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea nuru, ya 1/1000 ya sekunde. Kwa chozi anayeelea mbele ya ua au kwera anayepiga mabawa, nenda 1/2000 au zaidi. Fungua tundu la lenzi mwisho wake, ambao kwenye zumu nyingi za 70–300 ni f/5.6 unapofika 300. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa nuru, iache ipande yenyewe mpaka 3200. Utaona punje punje kwenye picha, na watu watakuambia ISO kubwa ni mbaya. Waambie picha yenye punje husafishika kwenye kompyuta, iliyotikisika haina tiba. Kama kamera inaweza kuhifadhi RAW, yaani faili ghafi ambalo haijalirekebisha, tumia RAW, kwa sababu hapo utaokoa hata ndege aliyetoka na giza kidogo.

Stendi ya miguu mitatu sikushauri kwa roshani. Inakufunga. Kiwiko kwenye ukingo wa roshani, na mfuko mdogo wa mchele chini ya lenzi, vinatosha.

Hapo ndipo tufikie lenzi ya 600. Nataka ufanye hesabu kabla ya kuuza kitu. Ndege wa sentimita 11 akiwa mita 20, lenzi ya 300 itamchora kwa milimita 1.65 kwenye kihisio, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Kihisio cha kamera nyingi za kawaida kina upana wa milimita 23 na kitu, kwa hiyo atakuwa asilimia 7 tu ya upana wa picha: nukta. Lenzi ya 600 itamfanya awe asilimia 14. Lakini ukibaki na 300 yako akaja mita 5, anachukua asilimia 28, zaidi ya robo ya picha. Yaani kigae cha maji na kikoi vinakupa mara mbili ya kile ambacho pesa nyingi zingekupa, tena bila ule uzito. Hewa kati yenu nayo inakuwa fupi, na kwa mji wenye unyevu na chumvi kama wetu, hewa fupi ndiyo picha safi. Lenzi ndefu ina kazi yake, kwa ndege wa matopeni wasiokaribika. Kwa wadogo wa bustani, kwa mwaka wako wa kwanza, sioni haja. Ukiwa na akiba ya kutumia, nunua darubini ya 8x42, inayokuza mara 8. Hiyo itakufundisha kuona, na kuona ndiko kunakopungua kwenye picha nyingi.

Kwa mazoezi, mwalimu wako awe kwera. Yeye haendi popote. Mvua zikianza madume huvaa manjano na kuanza kusuka, na utawakuta kwenye minazi mpaka yadi za maduka. Wawili hapa pwani huwachanganya watu: Ploceus bojeri ana kichwa cha rangi ya chungwa iliyokolea na jicho jeusi, Ploceus subaureus jicho lake lina wekundu. Dume akimaliza kiota hujining'iniza chini yake, kichwa chini, akipiga mabawa na kupayuka ili jike aje akikague. Hufanya hivyo tena na tena pale pale, saa hata saa, kwa hiyo unaweza kujaribu kasi zote za shata siku moja. Jike akikataa, mara nyingine dume hukivunja kiota na kuanza upya. Subira ya huyo dume ningependa wapiga picha wangekuwa nayo.

Ila kwenye viota ndipo ninapokuwa mkali, na sababu yangu inaitwa kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu, aliyejaa kila jaa la taka kutoka Kongowea hadi Likoni, si wa kwetu. Ametoka Bara Hindi, akafika Unguja miaka ya 1890, na Mombasa alianza kuonekana 1947. Anakula mayai na makinda, na ndiye sababu kubwa kwa nini katikati ya kisiwa ndege wadogo ni haba kuliko viungani. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza 2024 mpango wa kuwaondoa milioni moja. Wewe jua tu hivi: kunguru ana akili, na anatazama watu. Ukisimama kila siku mbele ya kichaka kile kile, atakwenda kuangalia una nini. Ukikata jani moja linalokuzuia kuona makinda, umemfungulia yeye mlango. Basi kiota cha wazi, kama cha shore, usikipige picha kabisa. Cha kwera kinachoning'inia kipige kutoka mbali, kwa sababu yeye mwenyewe hakukificha. Na makombo ya mkate kwenye roshani yatamleta kunguru kabla ya ndege mwingine yeyote. Ndiyo maana nimekuambia maji tu, tena chini ya majani yanayoning'inia, mahali kunguru hapendi kujibana.

Usiwachezee sauti za simu ili waje. Najua wengi hufanya. Dume anayesikia mwenzake asiyemwona huacha kula na kuhangaika kumtafuta, na huyu wa kwako anatakiwa ajaze mafuta mwilini kabla ya kuvuka bahari na jangwa.

Ukichoka na mkilifi, pa kwenda papo. Karibu kabisa ni mikoko ya hori la Tudor. Tafuta muia, ule wenye maua mekundu yanayoinama: chozi ndio wanaouchavusha. Ua likiguswa na mdomo hufyatuka na kurusha chavua, hata utaona chozi ana vumbi la njano kwenye paji. Nenda maji yakiwa yanakupwa, uende na mwenzio, na kamera iwe ndani ya mfuko wa kawaida usiosema ni wa kamera. Haller Park kule Bamburi ilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje 1971. Leo ina madimbwi na vichaka, na ndege wake wamezoea watu. Nguuni ni nyasi na maji, pazuri kwa kwera na wale wadogo wa makundi wanaokula mbegu. Fika mapema, maana jioni huwa na sherehe za watu.

Mbali zaidi ni Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, kiasi cha kilomita 100 na ushee. Huko ndiko kuliko na chozi na kwera wasiopatikana kirahisi kwingine. Kwera mmoja, Ploceus golandi, haonekani popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi, na mahali anapojenga viota vyake hapakujulikana mpaka 2013, walipomkuta kwenye kinamasi cha Dakatcha. Lakini msitu ni mgumu kwa picha: giza chini, ndege juu. Usianzie huko.

Njiani usidharau tuktuk. Ndege anayeruka akiona mtu anatembea humwacha tuktuk asogee mpaka karibu sana. Patana na dereva azime injini, asishuke, na wewe upigie ndani. Barabara za vumbi nyuma ya Shanzu na Kiembeni, saa 1 asubuhi, zinafaa sana kwa mbwigu wa Aprili anayependa nyaya na vijiti vya ua.

Jambo la sheria nalo ulijue. Lenzi ndefu huwatia watu shaka. Usiielekeze kwenye kivuko cha Likoni, bandarini, darajani, wala upande wa kambi ya jeshi la maji Mtongwe, hata kama ndege aliye huko ni wa ajabu namna gani. Na roshani yako inatazamana na madirisha ya watu. Waambie majirani mapema unapiga nini, uwaonyeshe picha chache. Ukiwa mtoto wa kike mwenye kamera watakutania. Ukiwa wa kiume watakudhania vibaya. Kwa vyovyote, kuwaarifu kwanza ni heri.

Mwisho ni hiyo lenzi ya mjomba. Iangalie ndani kwa tochi. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui kwenye kioo, huo ni ukungu wa kuvu, na unyevu wa masika utaukuza. Ipeleke kwa fundi kabla haujala kioo. Ikiwa safi, usiirudishe kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikishalegea. Kama chumba chako kina eya kondisheni, itoe kamera roshanini nusu saa kabla ya kuitumia, ikiwa bado ndani ya mfuko uliofungwa, ili umande uishie kwenye mfuko usiingie kwenye kioo. Ukirudi kutoka ufuoni au mikokoni, futa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kikavu. Chumvi haisubiri kesho.

Na karatasi yako ya alama za mkilifi usiitupe Aprili ikiisha. Tarehe ya mwisho uliyomwona yule wa kijani, na tarehe ya kwanza atakaporudi Oktoba au Novemba, ni habari ambazo Kenya Bird Map inazitafuta. Wao wameigawa nchi viwanja vya takriban kilomita 9 kwa 9, na kisiwa cha Mombasa kinahitaji watu wanaoangalia mti mmoja kila siku kuliko wageni wanaopita mara moja kwa mwaka. Kujiunga ni bure, na picha hailazimu. Nitumie pia jibu la roshani inaelekea wapi, nikupangie saa vizuri zaidi.